Bibi wa kwenye picha alishabatizwa

Picha iliingia kwenye kundi la ukoo wiki iliyopita, saa mbili usiku, ikiwa imeshazunguka kwa watu wengi kabla ya kutufikia. Bibi mmoja amekaa kwenye kigoda mbele ya nyumba ya udongo. Mdomo wa juu una tundu la ndonya, lile pambo la mdomoni la wanawake wa Kimakonde, mashavuni nembo za kuchanjwa, macho anatazama pembeni. Chini yake kuna maandishi ya Kiingereza, na binamu yangu aliyatafsiri kwa ajili ya wazee: huyu ni mama wa Kimakonde, kabila ambalo halijafikiwa, hajawahi kulisikia jina la Yesu, changia ili alisikie.

Bibi huyo namjua. Picha ilipigwa Novemba, kwenye kijiji kimoja upande wa Newala, na mimi nilikuwa nimesimama hatua tatu tu kutoka alipokaa. Mimi ndiye niliyekuwa mkalimani wa wageni waliokuja kuhubiri. Shingoni, ndani ya kanga, Bibi alikuwa amevaa rozari. Alibatizwa na mapadri akiwa msichana ambaye hata unyago hajachezwa, na amezika watoto wawili kwa ibada ya Kanisa.

Nataka niseme nilichokifanya, maana kabla ya kuwasema wengine nina langu. Mgeni aliniambia nimwulize kama anamjua Mungu. Nikamwuliza kwa Kimakonde, na neno nililotumia ni Nnungu, kwa sababu ndilo tulilo nalo. Akanitazama kwa muda, kisha akasema, "Mjukuu wangu, huyu mtoto kwao hana bibi?" Sikulitafsiri hilo. Nilisema anasema anamjua. Mgeni akaandika kitu kwenye daftari, akainua kamera. Bibi akavuta pindo la kanga akafunika mdomo. Mgeni akaniomba nimwambie aishushe ili tundu la ndonya lionekane. Nikamwambia. Akaishusha, kwa sababu aliyemwomba ni mtoto wa nyumbani.

Mimi ni Mkristo. Babu yangu alikuwa katekista, akitembea kwa miguu kutoka kijiji hadi kijiji na daftari la majina ya wanafunzi wake. Kwa hiyo asinijibu mtu kwamba naichukia Injili. Ninachokikataa ni neno hilo, "halijafikiwa", na kila kinachofanyika kwa jina lake.

Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa UMCA, misheni ya Kianglikana, alitoka Lindi na msafara wa watu waliokombolewa utumwani, nia yao ikiwa kufika Ziwa Nyasa. Waliishia Masasi. Wengi kati yao walikuwa Wayao na watu wa makabila ya bara hukuhuku, na walipofika pale waliona wamekaribia kwao, hawakutaka kuendelea. Ukristo wa Kusini ulianza hivyo, na watu waliokuwa wanarudi nyumbani. Wangoni walipoivamia Masasi mwaka 1882, misheni ikahamia Newala. Newala hiyohiyo ya kwenye picha! Baada ya hapo akaja Cecil Majaliwa, mtoto aliyeuzwa utumwani akakombolewa Zanzibar, akahudumu Chitangali kati ya Wayao, na mwaka 1890 akawa Mwafrika wa kwanza kupewa upadri katika misheni ile. Alihubiri kwa lugha yao na akaishi nao miaka mingi. Leo mtu anashuka kwenye gari na orodha ya makabila kwenye simu, mengine yamepakwa rangi nyekundu, yaani hayajafikiwa, na Wayao wamo. Majaliwa alikuwa akimhubiria nani?

Hili ndilo linaloniuma kuliko yote. Ukisema watu hawajafikiwa, unakuwa umewafuta waliokwisha kuwafikia. Unamfuta Majaliwa, unamfuta babu yangu na daftari lake, unafuta miaka mia moja na ushei ya walimu wa vijiji ambao mshahara wao ulikuwa muhogo na kuku. Na unamfuta Bibi mwenyewe, aliyesali rozari kwa miaka inayozidi umri wa mpiga picha. Anabaki tundu kwenye mdomo. Ndonya imekuwa ushahidi wa giza, wakati kwa mwanamke wa kizazi chake ilikuwa uzuri, na ilikuwa alama kwamba ametoka kwa watu. Aliivua mwenyewe miaka mingi iliyopita, kwa sababu zake, na hakuna aliyemwuliza ni zipi.

Najua historia yenyewe si safi. Wakati wa Maji Maji, Agosti 1905, Askofu Cassian Spiss na Wabenediktini wenzake wanne, watawa wa Kikatoliki, mabruda wawili na masista wawili, waliuawa huko Liwale. Misheni za Lukuledi na Nyangao zikachomwa. Tulifundishwa kuwaita mashahidi, nami sipingi, walikufa kwa imani yao. Lakini waliowaua walikuwa wanalimishwa pamba kwa nguvu na kuchapwa viboko na Wajerumani, na kwao padri Mjerumani na askari wa Mjerumani walikuja kwa njia moja. Anayetaka kuhubiri kwa watu ambao serikali inawasikia kidogo na wenye fedha hawawaoni kabisa, analibeba hilo begani hata kama hajawahi kulisoma.

Na nakubali, ingawa kwa shingo upande, kwamba wapo waliofanya kazi ya kweli. Ukiugua Kusini utapelekwa hospitali ya Ndanda, na walioianzisha misheni ya Ndanda mwaka 1906 ni hao hao Wabenediktini. Leader Stirling alifika Lulindi mwaka 1935 akiwa daktari wa misheni, akapasua watu hapo, kisha Mnero, na alipozeeka alikuwa Waziri wa Afya wa Tanzania. Vincent Lucas, askofu wa kwanza wa Masasi kuanzia 1926, alikuwa ameshakaa na wazee wa jando miaka mingi kabla ya kuvaa kofia ya uaskofu. Hakulifuta jando. Aliliingiza kanisani, vijana wakatahiriwa na kufundwa kwa sala. Nina ugomvi naye: neno la mwisho lilikuwa lake, yeye ndiye aliyeamua kipi kibaki na kipi kiondoke katika mambo ambayo hakuchezwa. Lakini alikaa. Alijua jina la mzee aliyekuwa anazungumza naye.

Wageni wangu walikaa siku nne.

Siku ya tatu ndiyo siku ya maji. Anayeijua Newala hahitaji kuelezwa Novemba ni mwezi gani kule juu. Mvua bado, visima vya mabondeni viko mbali, dumu la maji linauzwa, na mama anaamka saa tisa usiku ili awahi foleni. Wageni walileta tangi kubwa, wakaliweka karibu na turubai la mkutano. Mkutano ulipokwisha, walioinua mikono kupokea wokovu wakapewa kadi, na wenye kadi ndio waliokinga kwanza. Waliobaki walingoja. Niliwaona akina mama wawili wa Kiislamu, majirani zangu, wamekaa na ndoo zao chini ya mkorosho. Mmoja aliniita kwa mkono, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Tukiinua mkono, ni lazima tubadili jina?" Hakuuliza kuhusu Yesu. Nyumbani kwake kuna mtoto mchanga.

Katiba yetu, ibara ya 19, inampa mtu uhuru wa kubadili dini, na inasema kueneza dini ni jambo la hiari. Hiari iko wapi kwenye foleni ya maji? Kama yule mama angeinua mkono, wangemhesabu. Jina lake lingekwenda kwenye ripoti, na mwakani wangekuja tena kwa fedha iliyotolewa na watu wema, makanisani huko mbali, wanaoamini wamesaidia roho moja. Na wao wamedanganywa, kama sisi.

Nyumba za huku ni mchanganyiko. Kwetu shangazi ni Hadija, baba mdogo ni Petro, na msiba ukitokea shekhe na padri wanakaa jamvi moja. Anayekuja kutupanga kwa rangi nyekundu na kijani anagusa kitu ambacho hatabaki kukiuguza.

Ninachotaka si kwamba wasije. Waje. Wafike kwanza kwa mchungaji wa hapo na kwa mwenyekiti wa kijiji, waulize nani alihubiri hapa kabla yao. Kama wana maji, wayatoe kwa kila mwenye ndoo, halafu wahubiri kesho yake kwa mwenye kutaka kusikiliza. Picha ya mtu iende kwa ruhusa yake, na maneno ya chini yake asomewe mwenyewe kwa lugha yake kabla hayajatumwa popote. Na sisi wakalimani tutafsiri lote, hata lisilopendeza. Mimi nimeshaacha kazi hiyo.

Jumamosi nilipanda kwenda kwa Bibi. Nilimkuta anamenya ming'oko. Nikamwonyesha picha kwenye simu, nikamsomea maneno kwa Kimakonde, pole pole, bila kuruka. Aliitazama muda mrefu, akataka niikuze, nikaikuza. Kisha akaniuliza ni wangapi wameiona. Nikamwambia ni wengi, sijui idadi yao. Hakusema kitu. Aliweka kisu chini, akavuta pindo la kanga, akafunika mdomo.