Kopo lile lisifichwe

Jumamosi iliyopita shangazi alikuja kututembelea hapa Bombo, Uganda, na kama kawaida yake hakuja mikono mitupu. Alileta ndizi, sukari na kopo la plastiki lenye unga wa kijani. Alingoja nitoke uani kuchota maji, akamwita mdogo wangu chumbani na kurudisha mlango. Nilipopita na ndoo nikamsikia: "Mwanangu, kijiko asubuhi, kijiko jioni. Usimwambie dada yako. Na hivyo vidonge vya hospitali viache kidogo, vitakumaliza figo."

Usiku ule sikupata usingizi. Unga wenyewe haukunitisha, maana nyumba hii tumekulia kwenye mwarobaini, mlonge, habasoda na asali. Kilichonitisha ni neno moja, usimwambie.

Sisi tumeishi na baipola, ugonjwa wa akili unaomrusha mtu kutoka furaha na nguvu zilizopita kiasi hadi huzuni nzito, tangu kabla hatujalijua jina lake. Kaka yake bibi alikuwa nayo. Wazee bado wanasimulia alivyogawa mbuzi wote wa boma kwa wapita njia, akatembea peku hadi Wobulenzi huku akiimba. Nyumbani hatusemi baipola. Tunasema amepanda, au ameshuka. Na kwa kuwa inatembea ndani ya damu, kila mmoja wetu anajichunguza kimyakimya akikosa usingizi siku mbili. Mwenye mzazi au ndugu wa tumbo moja aliyeugua, uwezekano wake ni kama mtu mmoja kati ya kumi, wakati kwa watu wengine ni mmoja au wawili kati ya mia. Kwa hiyo ninapoandika haya sisemi juu ya mgonjwa fulani. Nasema juu ya mdogo wangu, juu yangu, na juu ya watoto tutakaozaa.

Miaka miwili iliyopita nusura tumzike. Ilikuwa Ramadhani. Mdogo wangu anayo baipola na anatumia lithiamu, dawa ya ugonjwa huo, na daktari alishamwambia asifunge. Imamu naye alimkumbusha kwamba Qurani imempa mgonjwa ruhusa ya kula. Akafunga hata hivyo, kwa kuwa aliona haya kula mchana peke yake ndani ya nyumba ya watu waliofunga. Katikati ya mwezi, mtu wa ukoo akamletea chupa ya dawa ya miti ya kusafisha damu. Ilikuwa haluli hasa. Akaharisha siku tatu, usiku na mchana, na hakusema, kwa sababu aliyemletea alimwambia asiseme.

Siku ya nne kikombe kilimponyoka mkononi wakati wa futari. Mikono ilikuwa inatetemeka, ulimi mzito, akisimama anapepesuka kama mlevi. Jirani mmoja akasema ni jini. Mama akaanza kusoma, mimi nikakimbilia barabarani kutafuta gari. Hospitalini daktari aliuliza mara mbili: ametumia kitu gani kingine? Tukajibu, hakuna, ni vidonge vyake tu. Tulikuwa tunasema ukweli tunaoujua. Kipimo cha damu kilipotoka, lithiamu ilikuwa 2.3. Inatakiwa iwe kati ya 0.6 na 1.0. Alitundikiwa maji, na akili ilipomrudia siku ya tatu ndipo alipoitaja ile chupa, huku analia.

Baadaye daktari alinieleza kwa subira, na maelezo yale nayarudia kwa kila anayenisikiliza. Lithiamu ni chumvi, na figo haziitofautishi vizuri na chumvi ya mezani. Mwili ukipoteza maji na chumvi, kwa kuharisha, kutapika, jasho jingi au kukojoa kupita kiasi, figo huanza kuishika kila chumvi iliyopo, na lithiamu nayo hubaki ndani. Kidonge kile kile, idadi ile ile aliyomeza mwezi uliopita, kinageuka sumu. Ndiyo sababu dawa yoyote ya kuharisha au kukojoza, iwe ya miti au ya duka, ni hatari kwake. Hata diklofenaki na ibuprofeni, dawa za maumivu tunazonunua kwenye duka la dawa kama pipi mgongo unapouma, kwake ni marufuku. Na baba alipoambiwa ana presha, mama akaondoa chumvi kwenye chungu cha nyumba nzima kwa nia njema kabisa, na kwa bahati tukaitaja kliniki kabla mambo hayajaharibika. Chumvi ya mdogo wangu inatakiwa ibaki vile vile kila wiki, isipunguzwe wala isiongezwe.

Sasa mtu anapokuja kwetu na kusema achana na kemikali, rudi kwenye vitu vya asili, damu inanichemka. Lithiamu ni nini kama si kitu cha asili? Inachimbwa ardhini. Hakuna aliyeiumba maabara. John Cade, daktari wa Australia, ndiye aliyeandika mwaka 1949 kwamba chumvi hiyo inawatuliza watu waliopanda. Mgonjwa wake wa kwanza, aliyekuwa hospitalini miaka mingi, alitulia hata akarudi nyumbani. Kisha akaacha dawa, akarudi alikokuwa, akaanzishiwa tena, na mwaka 1950 lithiamu hiyo hiyo ikamuua kwa kuzidi mwilini, wakati kuipima katika damu kulikuwa bado si kawaida. Asili haikumkinga. Kinachomlinda mdogo wangu leo ni kupimwa.

Na mitishamba ni hivyo hivyo. Anayeidharau hajui historia. Kuna mmea uitwao Rauwolfia ambao Wahindi waliutumia kwa wazimu karne na karne. Mwaka 1952 wanasayansi wakatoa ndani yake dawa iitwayo reserpini, ikaingia hospitali za akili duniani kote. Ndugu wa mmea huo huota katika misitu ya Afrika, Uganda ikiwemo, na waganga wa bara hili wameutumia kwa wagonjwa wa akili bila kufundishwa na mtu. Inafanya kazi, hilo silipingi. Lakini pia inashusha presha kwa nguvu, na iliwahi kuwatumbukiza baadhi ya watu katika huzuni nzito. Ikiwa jani lina nguvu ya kutuliza kichaa, basi lina nguvu ya kuua. Huwezi kudai nusu ya kwanza ukaikana ya pili, kisha ukamtilia mtu kwenye uji wake kwa siri.

Shangazi hajakosea kuhusu figo, nakubali. Lithiamu ikitumika miaka mingi inaweza kuzichosha, na tezi ya shingo pia. Ndiyo maana anapimwa figo na tezi kila miezi sita, na tunatoa pesa hiyo hata mwezi ambao karo haijatimia.

Ila siwezi kuwalaumu akina shangazi peke yao. Siri hii ina mahali ilipozaliwa. Miaka ya mwanzo, katika kituo nisichokitaja, mama alimwambia nesi kwamba binti yake anakunywa pia maji ya mlonge. Alifokewa mbele ya foleni nzima. Aliambiwa watu kama yeye ndio wanaowajaza wagonjwa wodini, kwamba arudi kwa mganga wake kama anamwamini. Mama yangu, mwanamke aliyelea watoto saba, alisimama pale na kanga yake kichwani, hakujibu. Tangu siku ile hakutaja tena jani lolote mbele ya mtu mwenye koti jeupe. Ninyi mnaofanya kazi hizi, nawasihi kwa Mungu. Siku mtakapomfokea mama wa namna hiyo, mnamfundisha kuficha, na kitakachofichwa ndicho kitakachowaletea mgonjwa anayetetemeka usiku wa manane mkiwa hamjui amekunywa nini.

Watu huniuliza, basi chakula hakisaidii? Kinasaidia, lakini si kwa namna inayotangazwa redioni. Mukene, wale dagaa wadogo wa ziwani, tunakula mara tatu kwa wiki, na majirani wameshasikia kwamba mafuta ya samaki yanatibu akili. Yaliyoonekana kwenye utafiti ni madogo: huenda yakamsaidia kidogo aliyeshuka, kwa aliyepanda hayajaonyesha kitu. Tunakula mukene kwa sababu ni chakula kizuri na bei tunaiweza. Mboga za majani kama dodo na nakati ni hivyo hivyo.

Nilichokiona kwa macho yangu kikisaidia ni kufuata saa. Uji saa moja asubuhi, chakula cha mchana saa saba, cha jioni saa moja, taa kuzimwa saa nne. Mdogo wangu akiruka milo miwili na kulala kwa muda wa saa tatu tu, siku ya tatu anaanza kuongea haraka, na ya tano anataka kuuza kitanda chake afungue biashara. Dawa nyingine aliyowahi kupewa ilimtia njaa isiyoisha, akaongezeka kilo kumi na moja kwa posho, yaani ugali, na soda, na hapo kupanga sahani kulikuwa matibabu kamili. Kahawa ni kikombe kimoja na hakibadiliki, kwa sababu kahawa ikiwa nyingi huitoa lithiamu mwilini upesi, na ukiiacha ghafla lithiamu hupanda. Mairungi, yaani miraa, haiingii getini. Binamu yetu alikesha nayo siku nne, na alivyopanda safari ile hata polisi walimwogopa.

Tangu Ramadhani ile tuna daftari jikoni, limefungwa kwa uzi kwenye msumari kando ya birika. Kila kinachopita mdomoni mwa mdogo wangu ambacho si chakula cha wote kinaandikwa: kidonge, jani, asali ya habasoda, hata kombe aliloandikiwa na shehe. Saa alizolala pia. Anaandika mwenyewe. Siku akishuka na kalamu inamshinda, ninamwandikia mimi.

Jumapili asubuhi nilimpigia shangazi. Nilimwomba radhi kwanza, kwa kuwa nilisikiliza mlangoni. Kisha nikamwambia habari yote ya ile chupa, ambayo ukoo tulikuwa tumeifunika kwa aibu miaka miwili. Alinyamaza muda mrefu hata nikadhani simu imekatika. Akasema, "Mwanangu, mimi nilitaka apone tu." Nikamwambia najua, shangazi. Nikamuuliza mle ndani mna majani gani. Akanitajia matatu kwa lugha ya Kinubi, la nne hakulijua, aliyemuuzia hakumwambia.

Nimeyaandika yote kwenye daftari, na hilo la nne nimeliachia mstari mtupu. Alhamisi ni siku ya kliniki. Kopo liko ndani ya mfuko pamoja na kadi yake na pesa ya kipimo, halijafunguliwa.