Nyota tatu na nusu

Naona klipu ya hotuba yangu ya kumuaga bosi imeshafika hadi grupu la ukoo kule Tanga, na mhasibu wetu ameisindikiza na maneno "jamaa alikuwa amelewa". Sikulewa! Nilikuwa na Fanta yangu, wahudumu wa pale Mbezi Beach ni mashahidi. Ningekuwa nimelewa, si ningekuwa na pa kujitetea?

Mnaonifuata mnaujua ugonjwa wangu. Nimebanwa kwenye mwendokasi ya Kimara, wenzangu wanaangalia mpira, mimi nasoma uchambuzi wa filamu. Filamu zenyewe siangalii, bando liko wapi? Nachota ung'eng'e tu. Mwalimu wangu ni marehemu Roger Ebert wa gazeti la Chicago Sun-Times, mchambuzi wa filamu wa kwanza kupewa tuzo ya Pulitzer, mwaka 1975. Sasa ofisi ikitafuta wa kumuaga bosi Mwingereza anayestaafu, atasukumwa nani? (Na wewe uliyenisukuma unasoma hapa, nakuona.)

Basi, nikashika maiki. Nikaanza kwa sauti ya taarifa ya habari: huu ni mwisho uliosubiriwa kwa hamu kubwa. Mke wa bosi akaacha kutafuna. Nikajua imemgusa. Nikaendelea: mwanzo ulivutia, katikati pakarefuka kidogo, ila waigizaji wasaidizi waliokoa jahazi. Meza ya madereva ikapiga makofi. Hawakuelewa hata neno, Mungu awabariki.

Hapo ningekaa. Lakini kuna neno nilikuwa nimeliweka akiba: "wooden". Nalikuta kila mara ubavuni mwa jina la mwigizaji, na mimi nimekulia Keko kwa mafundi samani. Kwetu mbao ni sifa! Mninga haupindi, mchwa hausogelei. Nikamgeukia bosi, mkono kifuani, nikamwambia polepole kwamba kazi yake miaka yote hii ilikuwa "wooden".

Kimya. Feni naisikia. Mshkaki wa bosi umesimama hewani, ukwaju unadondokea suruali yake nyeupe, tone, tone, wala hafuti. Nikadhani hajasikia. Nikasogeza maiki mdomoni: "Very wooden!" Spika ikalipeleka mpaka baharini. Afisa utumishi kule nyuma ananipitishia kidole shingoni, nami naelewa ananiambia nimeua. Nikazidisha tabasamu, nikamtunuku bosi nyota tatu na nusu kati ya nne, kwa mizani ileile ya mwalimu wangu.

MC akaninyang'anya maiki, taarabu ikafunguliwa. Mhasibu ndiye aliyenifumbua macho ndani ya bajaji: mwigizaji akiitwa hivyo maana yake amekauka, hana hisia, afadhali gogo. Jumatatu nikaitwa utumishi, tuyaache hayo.

Bosi mwenyewe alinipa mkono bila neno. Mkewe ndiye aliyeshusha kioo cha gari akaniuliza, kwa upole kabisa, ile nusu nyota nimemkata mumewe kwa kosa gani.

Nikamjibu: pale katikati, mama, paliporefuka.