Bidoni ya Mzee na Bidoni ya Mama Mkwe

Mimi ni anfirmie, yaani muuguzi, wa kujitegemea hapa Lubumbashi. Yaani niliondoka hospitali moja iliyokuwa ikinilipa mwezi huu na kunisahau miwili inayofuata, nikachukua mkoba wangu, nikaanza kuzunguka nyumba kwa nyumba: sindano komini ya Kenya (ni mtaa wa hapa, si nchi), serumu, yaani dripu, Katuba, kidonda cha sukari Kamalondo, presha Bel-Air. Wagonjwa wananiita Dokta, na nimechoka kuwasahihisha. Bosi sina. Likizo nayo sina, maana malaria haijawahi kufunga shule.

Shule zenyewe zikishafungwa mwanzoni mwa Julai, nyumbani kwangu hapakaliki. Nina mapacha wa miaka sita, Kyungu na Kabange, na wote wawili wanaamini kwamba stetoskopu ni kamba ya kurukia. Likizo ya mwaka juzi niliwaahidi kwenda kuona mamba kwenye zoo. Tukafika getini, simu ikalia, nikageuza kwenda kutoa serumu iliyoziba. Likizo ya mwaka jana nikawaahidi tena, simu ikalia tena. Kabange akaanza kuwaambia watoto wa jirani kwamba mamba ni mgonjwa wa papa, yaani baba, ndiyo maana hatuendi kumwona.

Kwa hiyo mwaka huu mke wangu hakuomba, alitangaza.

"Papa Mapasa," yaani baba wa mapacha, "tarehe 1 Agosti simu yako italala."

Kwa asiyejua, tarehe 1 Agosti huku Kongo ni siku ya wazazi, na ni sikukuu ya taifa. Asubuhi watu wanakwenda makaburini na majembe na fagio kusafisha makaburi ya wazazi waliotangulia. Mchana ni zamu ya wazazi walio hai: wanapikiwa, wanapewa zawadi, wanatembezwa. Mpango wetu ulikuwa makaburini kwanza, kwa baba mkwe, halafu ziwa Kipopo na kuku wetu na bukari yetu, ugali kwa jina la huku. Mama mkwe alishafika tangu Jumatatu kutoka Likasi. Shemeji alitoa gari. Nami niliapa mbele ya watu watatu.

Tatizo lilikuwa mzee wangu wa Kenya.

Mzee huyu ni mstaafu wa reli. Daktari wake alitaka mkojo wa saa 24, apime proteini. Kipimo hicho kinaeleweka haraka lakini kinatesa: ule mkojo wa kwanza wa asubuhi unamwagwa, unaandika saa, halafu kuanzia hapo kila tone linaingia chomboni mpaka saa ileile ya kesho yake, pamoja na ule wa kuamkia. Ukikosea mara moja tu, hesabu yote imekufa. Nilimpa bidoni ya njano ya lita tano, zile za mafuta ya kupikia, nimeiosha vizuri. Siku ya kwanza mjukuu wake alikuta bidoni chooni akaimwaga, akifikiri anasaidia. Mzee akaanza upya, safari hii kwa nidhamu ya reli. Bidoni haikutoka mkononi. Alikwenda nayo hata kwenye kilio cha jirani, ndani ya mfuko wa nailoni, na kila alipoinuka kwenda nyuma ya nyumba, aliinuka nayo. Watu wa kilioni walifikiri ana pombe yake na hataki kugawa.

Kwa kuanza upya huko, saa 24 zake ziliishia tarehe 1 Agosti, saa kumi na mbili ya asubuhi. Nikamwambia mke wangu kwamba ni dakika kumi tu, naichukua, naipitisha maabara iko njiani, basi. Alinitazama kama anavyomtazama fundi cherehani anayesema nguo itakuwa tayari kesho.

Nilifika nyumbani na bidoni kabla ya saa moja. Maabara ya zamu ilikuwa inafungua saa mbili. Mkojo wa namna hiyo unatakiwa kukaa baridini, na umeme ulikatika tangu jioni, frigo ilikuwa kabati tu. Lakini msomaji wa Mombasa akisikia kiangazi anafikiria jasho. Sisi Lubumbashi tuko juu, kama mita 1,200, na kiangazi chetu ni cha makoti na vumbi jekundu. Beseni la maji likilala uani usiku wa mwisho wa Julai linashinda frigo yoyote. Nikaenda nyuma na tochi ya simu, nikatumbukiza bidoni beseni lile, nikaingia ndani kuosha mapacha.

Sasa, mama mkwe alikuwa na wazo hilohilo. Yeye alipika munkoyo siku tatu kabla: uji wa mahindi, mizizi ya munkoyo ikapondwa ikatiwa ndani, ukaachwa uchachuke. Baba mkwe hatembelewi mikono mitupu. Mchungaji wake hajui habari hii na tafadhali isimfikie. Munkoyo ulikuwa ndani ya bidoni ya njano ya lita tano, iliyotoka dukani palepale ninaponunua mafuta mimi, na umebaki nusu baada ya majirani kuonja. Uliwekwa beseni lilelile.

Niliporudi saa moja na nusu nikakuta bidoni mbili zinaelea kama ndugu. Sikuogopa. Nimesoma miaka minne. Bidoni ya mgonjwa niliibandika sparadra, ile plasta ya kubandika, yenye herufi za jina lake na saa. Isipokuwa sparadra ilikuwa inaogelea peke yake pembeni.

Hapa ndipo mtu wa kawaida angefungua kifuniko akanusa. Mimi nilikuwa na mafua wiki nzima, pua ni pambo tu. Na pia kuna elimu. Nikamulika bidoni ya kwanza kwa tochi, nikaitikisa: povu kidogo, likapotea. Nikatikisa ya pili: povu jingi, zito, linakaa. Nikatabasamu. Mkojo wenye proteini hutoa povu, hili liko katika kila kitabu. Nikasema kwa sauti, peke yangu uani, "Ndiyo hii." Nikakausha bidoni kwa shati, nikabandika sparadra mpya, nikaandika herufi za mzee kwa mwandiko mzuri kabisa.

Maabara tulisimama dakika tatu. Mke wangu alihesabu.

Makaburini tulikuta watu kama sokoni. Shemeji alilima majani, mimi nikapaka msalaba chokaa, mapacha wakafagia wakichafua walipokwishafagia. Halafu mama mkwe akavua viatu, akapiga magoti, akaanza kuongea na mumewe kwa Kibemba. Alimpa habari zote: nani kaoa, nani kafa, bei ya mkaa, na kwamba mukwe anafanya kazi sana ila haonekani nyumbani. Simu ikatikisika mfukoni. Niliapa, najua. Lakini ilikuwa namba ya maabara.

"Dokta, samahani. Huyu mgonjwa wako ni muntu kweli?"

"Kuna nini?"

"Nimepima mara mbili. Sukari iko. Chini ya darubini naona hamira, naona wanga wa mahindi. Na, Dokta, unanukia vizuri. Mwenzangu wa zamu anasema ni munkoyo. Nimemkatalia, nikamwambia mwandiko ni wa Dokta."

Nikageuka. Mama mkwe alikuwa ameshainamisha bidoni.

Lazima mniwie radhi kwa kilichofuata, kwa sababu kwetu mkwe hamkazii macho mama mkwe, hamshiki mkono, wala hapazi sauti mbele yake. Ukiwa na neno, unalipitisha. Nikamnong'oneza mke wangu. Mke wangu akasema "Nini?" Nikarudia. Akafunga macho kwanza, kama anayehesabu miaka ya ndoa, halafu akamnong'oneza kaka yake. Shemeji akaanza kucheka, hakumwambia mtu. Wakati wote huo kaburi linaendelea kunyweshwa, kichwani, miguuni, na kidogo pembeni kwa ajili ya wakubwa zake.

Kyungu ndiye aliyevunja kimya. "Kambo," yaani bibi, "munkoyo yako inanuka kama godoro ya Kabange."

Kabange akaanza kulia. Mama mkwe hakusikia, au alijifanya. Pua yake ni ya uzee na asubuhi ilikuwa ya baridi. Akamimina kilichobaki kwenye kikombe, maana desturi yake ni kwamba marehemu hanywi peke yake, akakiinua kuelekea mdomoni.

Niliruka kaburi. Sijui niliruka vipi, mguu wa kushoto ulikanyaga chokaa mbichi, wa kulia ukakanyaga jembe, na kiganja changu kikapiga kikombe na mkono wa mama mkwe kwa pamoja. Kikombe kikaenda kutua kwenye familia ya jirani iliyokuwa katikati ya sala. Wakasema amina.

Nikabaki nimepiga magoti mbele yake, nimemkazia macho, nimemshika mkono. Makosa yote matatu kwa mpigo.

"Mama," nikasema, "ile si munkoyo."

"Iko nini?"

Hakuna Kiswahili cha heshima cha neno hilo mbele ya mama mkwe. Nilitafuta. Nikasema, "Ni kipimo cha mzee mmoja wa Kenya."

Alinusa vidole vyake. Akalitazama kaburi, chokaa nyeupe, udongo umelowa vizuri. Nilisubiri laana. Akakaa chini polepole, akaweka bidoni tupu kando, akasema:

"Miaka 41 huyu alinung'unika kwamba munkoyo wangu umechacha sana. Leo amepata cha kulinganisha."

Akacheka mpaka tukamshika asianguke. Tuliosha kaburi kwa maji yote ya kunywa tuliyobeba kwa safari.

Kipopo tulifika saa nane, na kiu. Nilibaki garini kidogo kumpigia mzee.

"Majibu yametoka?" akauliza.

"Mzee, itabidi turudie. Gharama ni juu yangu. Mkojo umemwagika."

Kimya cha stesheni isiyo na treni. "Umemwagika wapi?"

Siri ya mgonjwa ninaijua, lakini hakuna aliyenifundisha siri ya mkojo wake. Nikasema umemwagika mahali pa heshima. Akasema ataanza Jumatatu, na bidoni safari hii ataipeleka maabara yeye mwenyewe, kwa miguu.

Mapacha walikula, wakalowa, wakawatupia samaki wadogo mawe. Mke wangu alinyang'anya simu akaiweka kwenye sufuria ya bukari, akafunika. Jioni tulipopita maabara kuchukua munkoyo, mama mkwe aliipokea bidoni dirishani, akaipima kwa mkono, akaitikisa karibu na sikio.

Ilikuwa imepungua zaidi ya lita moja.

"Ni ya vipimo, mama," akasema kijana wa zamu, na mwenzake nyuma yake akafuta mdomo.