Programu ikikwama, nani aone hitilafu?

Programu ya kupokea minervali (ada ya shule) ikikwama kwenye shule moja ya Katuba au Ruashi, karani hupiga picha ukurasa mzima wa hitilafu na kumtumia fundi kwa WhatsApp. Ndiyo maana mafundi wengi hapa Lubumbashi huacha maelezo yote yaonekane hata programu ikishaanza kazi. Sababu yao ina uzito: fundi yuko Kolwezi kwenye kazi nyingine, na picha ile inamwonyesha faili na mstari wenye kasoro.

Shida ni kwamba yeyote anayefika kwenye ukurasa huo anayaona hayohayo. Django, mfumo wa kutengenezea programu za tovuti, ikiachwa katika hali ya majaribio hutoa njia za mafaili, toleo lake na mipangilio. Hufunika mipangilio ambayo majina yake yanaashiria siri, lakini ukiipa siri yako jina la ajabu, inatoka wazi.

Wapo wanaojibu kwamba kuficha maandishi si ulinzi, kwa kuwa mshambuliaji hodari atapenya tu. Wana haki kwa sehemu. Mwaka 2010 watafiti wa usalama Juliano Rizzo na Thai Duong walionyesha kwamba kwenye ASP.NET, mfumo wa Microsoft wa kutengenezea tovuti, data iliyofumbwa inaweza kufumbuliwa kwa kulinganisha tu namna seva inavyojibu inapokosea. Hawakuhitaji kusoma maelezo yoyote. Tofauti ya majibu ilitosha. Kabla ya kutoa kiraka cha kuziba kasoro hiyo, Microsoft ilishauri hitilafu zote zipewe ukurasa mmoja unaofanana.

Kinachonitia hofu zaidi ni fundi anayeficha kupita kiasi, yaani kunasa kila hitilafu na kuendelea kimya. Chukua sehemu inayokagua kama karani ana ruhusa ya kufuta malipo. Mtandao ukikatika katikati ya ukaguzi, hitilafu ikamezwa, programu inaendelea kana kwamba ruhusa imetolewa. Hapo lazima ikatae, hata kama wazazi wamepanga foleni siku ya mwisho ya kulipa. Foleni inaumiza, lakini malipo yaliyofutwa bila ruhusa yanaumiza zaidi. Printa ya risiti ikigoma ni jambo jingine, kazi iendelee.

Na karani? Mwonyeshe ujumbe mfupi wa Kiswahili au Kifaransa wenye namba ya hitilafu, atume namba hiyo. Maelezo kamili yabaki kwenye logi ya seva, yaani kumbukumbu yake ya matukio, bila manenosiri wala namba za simu za wazazi, kwa sababu logi nayo huibwa.