Kwetu vitabu vyote hukaa rafu moja

Jumapili iliyopita nilikuwa Kibuye, soko letu la Kisumu, nilikuwa nimeenda kutafuta raba za shule na sufuria moja kubwa, lakini ukipita ile njia ya mitumba lazima ukutane na yule mama wa vitabu na mimi kumpita hivi hivi siwezi. Ametandika turubai la buluu chini, vitabu ameweka rundo rundo tu, riwaya za mapenzi ziko juu ya kitabu cha magonjwa ya ng'ombe, vya picha vya watoto viko chini ya hesabu ya fomu tatu, vingi bado viko na muhuri wa maktaba za huko Uingereza ama Marekani, na kimoja nilichoshika kilikuwa kimeandikwa jina la mtoto kwa penseli halafu likafutwa nusu. Bei ni bob 50, bob 100, vile vikubwa vya picha 200 na ukiongea vizuri anashuka.

Kando yangu kulikuwa na kijana hivi wa miaka 8 ama 9, jezi ya njano, amechuchumaa na kitabu cha treni. Alikuwa amefungua pale wameonyesha tumbo la injini, ameweka kidole juu ya bomba moja anafuata aone linaenda wapi. Mamake akamwambia rudisha hicho, si cha darasa lako na hakitoki kwa mtihani. Akarudisha pole pole, kidole ndio kilitoka mwisho. Hakulia, hakubishana, na hapo ndio niliumia zaidi kwa sababu ilionekana ameshazoea kuambiwa hivyo.

Simlaumu yule dada, simjui, na pesa najua vile ziko siku hizi. Lakini hii maneno ya "hakitoki kwa mtihani" nimeisikia kanisani, kwa chama, kwa matatu, hata kwa watu wangu wa nyumbani, na nimeichoka. Ukiingia nyumba nyingi huku kwetu utapata vitabu, si ati hakuna, lakini ni vya kudurusu tupu, maswali na majibu, na mtihani ukiisha vinauzwa ama vinafungia mandazi. Mtoto anakua akijua kitabu ni kitu cha kuulizwa maswali. Sasa huyo mtu akishamaliza shule atafungua kitabu kutafuta nini?

Mimi msimamo wangu ni huu: nyumba inataka vitabu vya kila aina, vichanganywe, vikae mahali mtoto anafikia kwa mkono, na hakuna mtu apewe kazi ya kulinda mlango akisema hiki ni chako na hiki si chako. Kwetu rafu ni moja. Fundi wa Nyalenda alitutengenezea kwa mbao za paleti, iko chini chini hivi, kitinda mimba wangu wa miaka 5 anafikia hadi ya juu. Kuna Biblia ya Dholuo, kuna kitabu cha kurepea pikipiki, kuna cha mapishi kimelowa mafuta, mashairi, kamusi, hekaya za Abunuwasi, na atlasi moja nzee sana ambayo Kongo bado imeandikwa Zaire. Hiyo atlasi watu hunishauri nitupe. Siitupi ng'o. Wa katikati, yule wa Gredi ya 4, ndiye aliona ile Zaire akaniuliza mbona mwalimu anasema Kongo, ndio nikamweleza ile nchi ilibadilishwa jina 1971 ikaitwa Zaire halafu 1997 rais Mobutu akiondolewa jina likarudi Kongo, na yeye akauliza kwani nchi inaweza kubadilishwa jina na watu waendelee tu kuishi pale pale? Tulikaa na hiyo swali mpaka ugali ukapoa.

Huyo huyo ndiye alinunuliwa kitabu cha meli, hapo hapo Kibuye, mwaka jana. Ni cha Kiingereza na maneno mengine ni magumu kumshinda, lakini kuna picha meli imekatwa katikati kama mkate unaona vyumba vyote hadi chini kabisa. Siku moja akaniuliza, "Mama, msumari ni chuma na unazama, meli ni chuma mbona haizami?" Tukasoma pamoja, mstari kwa mstari na kamusi kando. Kumbe meli inasukuma maji kando, na yale maji imesukuma yakifikisha uzito sawa na wa meli yote na mizigo yake basi maji yanaibeba. Tukajaza karai maji. Msumari ukaenda chini mara moja. Sufuria ikaelea. Akaanza kuweka mawe ndani ya sufuria, moja, lingine, sufuria inashuka kidogo kidogo, yeye ameinama macho yako sawa na maji, mpaka jiwe la saba maji yakaruka ukingo na sufuria yote ikaenda. Akapiga kelele hadi jirani akatoka nje akidhani mtu ameungua.

Wiki hiyo nikampeleka upande wa bandarini tuone meli kwa mbali. Nikamwambia habari ya MV Uhuru, ile ya shirika la reli iliyojengwa miaka ya 60, yenye inabeba mabehewa ya treni mazima mazima hadi Uganda, ilikaa miaka mingi bila kazi halafu ikarudishwa majini 2019. Hakuuliza inaenda wapi wala nauli ni ngapi. Aliuliza hayo mabehewa yakiingia, meli inashuka kiasi gani. Sasa niambie, hilo swali liko kwa mtihani gani? Na ni nani atasema hakusoma?

Kingine ambacho watu hawanielewi ni kwa nini nasema vitabu ni vya familia, si vya watoto pekee. Mama mkwe wangu, watoto wanamwita Dani, yaani nyanya kwa Dholuo, tunaishi naye. Kiingereza chake ni kidogo na macho yamechoka, kwa hivyo watu wengi wangesema mambo ya vitabu hayamhusu. Kifungua mimba wangu yuko sekondari, alileta mkusanyo wa hadithi fupi za Grace Ogot, yule mama wa Asembo aliyekuwa nesi na baadaye mbunge, ule wa 1968. Mle ndani kuna hadithi ya Oganda, binti wa chifu, anaambiwa lazima aingie ziwani kwa lile dude la majini ndio mvua inyeshe. Jioni moja stima imepotea, akaanza kumsomea Dani kwa tochi ya simu, anasoma Kiingereza na kutafsiri kwa Dholuo, anakwama, anaendelea. Dani amenyamaza, anachambua mchicha gizani bila hata kuangalia. Wakifika pale Oganda anaagwa na watu wa kwao, Dani akaacha mchicha. Akasema, "Nyakwara," yaani mjukuu wangu, "rudia hapo." Msichana akarudia. Na Osinda alipotokea kumwokoa, Dani akakataa kabisa, akasema yeye alivyoambiwa na dadake babake haikuisha hivyo, na akaanza kutoa ile yake, na hiyo ilikuwa ndefu kuliko ya kitabu na iko na nyimbo ndani. Msichana wangu alichukua daftari akaandika. Hatukulala mapema hiyo siku. Nimekaa kwa hii ndoa miaka 16 na sikuwa nimewahi kusikia Dani akiimba vile.

Huwa najiuliza, kama ile kitabu ingekaa ndani ya begi la shule kama setibuku, ile hadithi ya Dani ingetoka lini?

Mzee wangu naye ni dereva wa lori, Mombasa hadi Busia, na kusoma hakuwa mtu wa kusoma kabisa, gazeti la michezo basi. Aliokota Siku Njema ya marehemu Ken Walibora kwa ile rafu akisubiri chai. Ni riwaya ya 1996, kijana anatoka Tanga anamtafuta babake mpaka Kitale. Sasa mtu wa lori ukimwambia Tanga na Kitale ni kama umemwambia nyumbani. Akaniuliza, "Kwani ni Kitale hii yetu?" Nikamwambia soma. Alienda nayo safari, ikarudi imeingia vumbi na risiti ya dizeli ndani kama alama, na amemaliza. Na hapo niongeze neno: watu wa huku tunachukulia Kiswahili kama somo la Wapwani, ati cha kuandikia insha tu. Huyo Walibora alikuwa mtu wa huku magharibi na aliandika Kiswahili kikamfanya dereva asahau kula. Wa Nakuru nao wako na Binyavanga Wainaina wao, aliandika Kiingereza ndio, lakini ameandika mji wenu, mtafuteni.

Najua wengine mnasema vitabu ni ghali, na ni kweli. Kitabu kipya dukani kinaweza kumaliza pesa ya unga ya siku kadhaa, na ile sheria ya VAT ya 2013 iliweka 16% juu ya vitabu, jambo ambalo mimi naona ni makosa makubwa, kitabu cha mtoto si manukato. Ndio nasema mtumba. Ndio nasema maktaba pia, ya Kisumu iko, ya Nakuru iko, ya Kakamega iko, ingieni na watoto hata kama ni Jumamosi moja kwa mwezi. Na kuna African Storybook, hadithi za bure kabisa kwa intaneti, za Kiswahili, za Dholuo, na za lugha za Waluhya pia, unaruhusiwa kuziprinti. Kitinda mimba yangu amejifunza kusoma na hizo, nilimprintia pale kwa saiba, nikashona na uzi wa gunia. Kwa chama yetu tumeanza kubadilishana, kila mama anakuja na kimoja anaondoka na kingine. Mmoja alileta cha kufuga kuku, sasa kimezunguka nyumba tano.

Lakini kuna kitu kingine zaidi ya pesa, ni woga. Shule moja, sitaitaja, ilimnyang'anya mtoto wangu kitabu cha ndege wa Afrika Mashariki kwa sababu alikuwa anakisoma wakati wa prepu na "si cha silabasi". Kilikaa ofisini muhula mzima. Huyu mtoto alikuwa amekianza kwa sababu ya Dunga, huko ufuoni mwa ziwa, tulienda huko tukala samaki na akaona kwa mafunjo ndege mweusi mgongoni, tumbo jekundu kama damu, utosi wa njano. Akarudi akatafuta ukurasa kwa ukurasa mpaka akampata, na kitabu kilikuwa kimeandika huyo huishi kwa mafunjo tu, mafunjo yakikatwa na yeye hana mahali. Alikuja akaniambia hiyo habari kama mtu amefiwa. Sasa mwalimu, huyu mtoto anasoma mazingira ama hasomi? Nilienda kukichukua mwenyewe, kwa heshima, nikaeleza, nikapewa. Kiko kwa rafu. Ukurasa wa huyo ndege umekunjwa pembe na mimi sikunjui.

Jumapili ile nilimwacha yule dada na kijana wake wakaenda zao upande wa viatu. Nikasimama hapo kidogo. Halafu nikamlipa mama wa vitabu bob 100 ya kile cha treni, nikamwambia asikiuze, kijana wa jezi ya njano akipita tena ampe na aseme ni chake. Akakipangusa na leso, akakiweka chini ya kiti chake, kando ya kikapu cha chakula. Aliniambia huyo namjua, huja kila wiki mbili na mamake kutafuta nguo.