Umar alipogeuza njia

Anayeingia Uislamu tunasema amesilimu. Jeshi lililoshindwa, limesalimu amri. Mzizi wa Kiarabu ni mmoja, kwa hiyo si ajabu mtu akiambiwa Uislamu ni kujisalimisha kwa Mwenyezi Mungu, akawaza mateka aliyeinua mikono.

Wanaoshikilia unyenyekevu usio na maswali wana hoja nzito: Ibrahimu na mwanawe. Katika sura ya As-Saffat ya Qurani, aya ya 103, wote wawili "wamejisalimisha", na kisu kiko tayari. Lakini aya moja kabla, baba anamwuliza kijana: waonaje? Tena Ibrahimu huyohuyo, katika Sura Hud, anajadiliana na Mungu juu ya watu wa Lut waliokuwa waangamizwe, na Qurani inamsifu kwa upole wake kabla ya kumwambia aliache hilo.

Mimi hurudi zaidi kwenye kisa cha mahali paitwapo Sargh, kilichopokewa na wakusanyaji wa hadithi Bukhari na Muslim. Umar bin Khattab, khalifa wa pili, yuko njiani kwenda Sham (eneo la Syria), anapata habari kwamba huko kuna tauni. Anashauriana na Muhajirina, waliohama kutoka Makka, wanahitilafiana; anawaita Ansari, wenyeji wa Madina waliowapokea, nao vilevile; kisha wazee wa Kikureshi, ambao kwa kauli moja wanasema rudi. Anaamua kurudi. Abu Ubayda, amiri wa Sham, anauliza: unaikimbia qadari (majaliwa) ya Mwenyezi Mungu? Umar anajibu: naam, tunaikimbia qadari ya Mwenyezi Mungu kwenda kwenye qadari ya Mwenyezi Mungu.

Baadaye ndipo anafika sahaba Abdurrahman bin Awf na hadithi ya Mtume: mkisikia tauni iko mahali msiende, na ikiwakuta mahali mlipo msitoke kwa kuikimbia. Umar akamshukuru Mungu, akaondoka.

Tazama mpangilio. Akili na shura, yaani kushauriana, vilitangulia, hadithi ikaja kuthibitisha. Wala hadithi haikumfedhehesha Abu Ubayda: nusu ya kwanza ilikuwa ya Umar, ya pili yake yeye. Abu Ubayda alirudi kwa watu wake, na tauni ile, iitwayo ya Amwas, ikamuua. Wote wawili walijisalimisha, mmoja kwa kugeuza njia, mwingine kwa kubaki.

Ndiyo maana hunikera swali la Abu Ubayda likitolewa kitandani pa mgonjwa, "Mungu ameshapanga", ili asipelekwe hospitali. Abu Ubayda aliuliza akijua yeye mwenyewe ndiye anayerudi kwenye tauni.