Fedha za mafuriko zitangulie
Wapo wanaosema eti jiji letu la Miami Beach likienda kushawishi wabunge wa jimbo la Florida kule Tallahassee, litangulize ombi la mamlaka ya kudhibiti nyumba za kupangisha watalii, mafuriko yafuate. Napinga kabisa. Nimefanya kazi mtaa wa Sunset Harbour hapa jijini: bamvua la Oktoba (bahari kujaa kupita kawaida) likifika, maji ya chumvi yanapanda kupitia mitaro ya barabarani jua likiwaka, hata tone la mvua hakuna, na magari yanaliwa na kutu kwa chini. Pale barabara ziliinuliwa na pampu za kuondoa maji zikawekwa, tukapata nafuu. Resilient Florida, mpango wa ruzuku wa jimbo ulioanza 2021, kwa kawaida hulipa nusu tu ya gharama za miradi kama hiyo, na kikao cha kawaida cha wabunge ni siku 60, kwa hiyo lazima tuchague la kutanguliza. Wakazi wenzangu, mngeanza na lipi?